Niliyojifunza kwa Kubeba Rivolva ya Mfukoni Houston

Kwa miaka mingi sasa, karibu kila nitokapo nyumbani kwangu hapa Houston, mfuko wa mbele wa kulia wa suruali yangu huwa na rivolva ndogo, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya Smith & Wesson, aina ya 638, inayobeba risasi tano za .38 Special. Nyundo yake, kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ifyatuke, imefunikwa pande zote mbili na kiunzi cha silaha chenyewe, kiasi kwamba kinachoonekana kwa nje ni kichwa kidogo tu cha chuma ndani ya ufa ulioachwa mgongoni. Rafiki zangu, hasa Watanzania na Wakenya wenzangu ambao nao wameamua kumiliki silaha katika nchi hii, huniuliza kwa nini ninang'ang'ania chombo ambacho muundo wake ulitoka mwaka 1955, ilhali madukani kumejaa bastola bapa zenye ukubwa unaokaribiana nacho na zinazobeba risasi mara mbili yake. Swali hilo ni la haki. Jibu lake limenichukua muda kulipata, kwa sababu sehemu kubwa ya uzuri wa rivolva hizi haionekani ukiwa umesimama mbele ya kabati la duka, na sehemu kubwa ya ubaya wake haionekani pia.

Nililelewa Tanzania, ambako silaha ya moto ni jambo la askari, la mlinzi wa benki na la watu wachache waliopitia mlolongo wa maombi ya leseni kwa polisi, utaratibu ambao sasa unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha pekee niliyowahi kuishika kabla ya kuja Marekani ilikuwa bunduki aina ya SAR ya JKT, nilipokuwa kijana wa mujibu wa sheria kabla mpango ule haujasitishwa mwaka 1994, na hiyo ilihesabiwa ikitoka ghalani na kuhesabiwa tena ikirudi. Wazo la mtu wa kawaida kwenda sokoni na bastola mfukoni lingenichekesha. Kilichonibadilisha ni kazi. Nilipofika Texas nilipata zamu ya usiku katika duka la kituo cha mafuta, mahali ambapo fedha taslimu, usiku na barabara kuu hukutana, na mwenye duka alikuwa mzee wa Tanga aliyetangulia kuhamia huku miaka mingi kabla yangu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza rivolva ya nyundo iliyofunikwa, baada ya kuifungua silinda na kuimwaga risasi zote mezani kwanza.

“Mwanangu,” aliniambia, “kesho ukienda dukani watakuonyesha bastola za kumvutia macho kijana. Wewe tafuta ile ambayo utakubali kuibeba hata siku ambayo umechoka na hujisikii.”

“Nimekuelewa, mzee,” nikamjibu, ingawa kwa kweli niliyaelewa maneno yake baadaye kabisa, nilipoona jinsi watu wanavyonunua bastola kubwa na nzuri na kuishia kuziacha kwenye droo.

Nilichukua leseni ya kubeba bastola ya Texas kwa sababu wakati huo ilikuwa lazima. Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola bila leseni katika jimbo hili, lakini leseni bado inatolewa, na mimi naendelea kuihuisha kwa sababu nitakazozieleza. Kwa wahamiaji kuna jambo moja ambalo halina mzaha: mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua na kumiliki silaha chini ya sheria ya shirikisho, ila aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache kama vile leseni ya uwindaji. Kijana wa chuo anayealikwa na rafiki kwenda “kujaribu risasi mbili tatu” uwanjani anaweza kuharibu safari yake yote ya maisha kwa mchana mmoja.

Ili kuelewa kwa nini nyundo ifunikwe, inabidi kuitazama rivolva ya kawaida kutoka nyuma. Nyundo yake ina mkia unaochomoza, wenye meno madogo, uliowekwa ili kidole gumba kiuvute na kuitega silaha tayari kwa mvuto mwepesi wa kifyatulio. Mkia huo ni mzuri uwanjani na ni balaa mfukoni, kwa kuwa unapochomoa silaha kwa haraka unanasa kwenye upindo wa kitambaa. Tatizo hili lilijulikana zamani sana. Mwaka 1887 Smith & Wesson walitoa rivolva ambayo nyundo yake ilifichwa kabisa ndani ya kiunzi. Katika miaka ya 1920, J. H. FitzGerald, mtumishi wa kampuni ya Colt, alijulikana kwa kuzikata rivolva ili ziwe za mfukoni, na mkia wa nyundo ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondoka. Kisha mwaka 1950 Smith & Wesson wakatoa Chiefs Special, rivolva ndogo ya risasi tano ambayo vizazi vyake bado vinatengenezwa, nayo ilikuwa na mkia wake wa kawaida. Ndani ya miaka michache yakaja majibu mawili juu ya kiunzi hichohicho: Centennial ya mwaka 1952, iliyoadhimisha miaka 100 ya kampuni na kuifungia nyundo ndani kabisa, na Bodyguard ya mwaka 1955, iliyoinua kuta mbili za kiunzi pande zote za nyundo na kuacha ufa mwembamba juu. Colt nao waliuza kifuniko cha kufungwa kwa skrubu kwa wenye rivolva zao. Hiyo 638 yangu ni kizazi cha Bodyguard: kiunzi cha alumini, mtutu na silinda vya chuma cha pua, uzito unaozidi kidogo gramu 400 bila risasi, na mtutu usiofika sentimita 5. Si nzuri kwa sura. Ina nundu mgongoni, na wapo wanaoicheka.

Mvuto wake wa kwanza kwangu ulitokana na hali ya hewa na desturi zetu. Houston ina unyevunyevu kama wa Pwani, na mwezi Agosti joto hufika nyuzi 35 na kupita, hivyo mtu huvaa shati jepesi na suruali nyepesi kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Bastola ya kiunoni huhitaji shati pana la kuifunika, hulowa jasho, na hujichora kila unapoinama kuokota kitu kwenye rafu ya chini. Kisha sisi ni watu wa kukumbatiana. Katika harusi, kwenye kipaimara, katika mkutano wa jumuiya ya Watanzania, mtu hupokewa kwa mikono miwili inayozunguka kiuno, na shangazi fulani lazima akupigepige mgongo kuulizia habari za nyumbani. Silaha ya kiunoni itaguswa tu, na ikishaguswa siri imekwisha, na pengine uhusiano nao umekwisha. Iliyo mfukoni, ikiwa ndani ya mkoba mdogo wa bapa unaovunja umbo lake, haiguswi na haidhaniwi. Nimewaona Wamarekani wakiandika kurasa nyingi kuhusu namna ya kuficha bastola machoni pa watu. Mimi nilihitaji kuificha mikononi mwa watu, na mfuko ndio ulionipa jibu.

Mvuto wa pili uko katika kuichomoa. Mfuko wa suruali una mdomo mwembamba, na ngumi iliyoshika mpini wa bastola ni pana kuliko mdomo huo. Kwenye rivolva iliyofunikwa nyundo, kidole gumba kinaweza kulala juu ya nundu badala ya kuzunguka mpini, mkono ukawa mwembamba, ukatoka bila kukwama, kisha gumba likashuka mahali pake silaha ikishakuwa nje. Hakuna cha kunasa. Aidha, unaweza kuingiza mkono mfukoni na kuishika silaha bila mtu yeyote kuelewa kwamba umefanya lolote, kwa sababu mtu aliyesimama na mkono mfukoni ni mtu wa kawaida kuliko wote duniani. Katika zamu za usiku, hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko kasi yoyote: nilikwenda kufunga lango la nyuma au kutupa taka mkono ukiwa mahali pake, na kwa kila usiku niliofanya hivyo nilirudi ndani bila kuitoa. Katika koti la baridi, rivolva ya aina hii inaweza hata kufyatuliwa ikiwa ndani ya mfuko, kwa kuwa haina sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kama bastola ya magazini, ambayo hunaswa na kitambaa na kuziba baada ya risasi ya kwanza.

Mvuto wa tatu ndio unaonifanya niichague 638 na si 642, ndugu yake wa ukoo wa Centennial ambaye nyundo yake imefungwa kabisa na ambaye kwa hakika anauzwa na kusifiwa zaidi. Wengi hudhani faida ya ule ufa ni kwamba unaweza kuitega nyundo kwa gumba na kupata mvuto mwepesi. Kwangu faida ni kinyume chake. Ninapoirudisha silaha kwenye mkoba wake, ninaweka gumba juu ya kichwa kile kidogo cha nyundo na kukikandamiza. Ikiwa ukingo wa mkoba, uzi wa shati au kidole chenyewe kimegusa kifyatulio, nyundo itaanza kuinuka na gumba litaisikia mara moja, tena litaizuia. Kurudisha silaha mahali pake ni wakati ambapo watu wengi hujiumiza, kwa kuwa tahadhari imeshuka, na rivolva iliyofungwa kabisa haina namna ya kukuonya. Mkufunzi aliyenifundisha hili alikuwa askari mstaafu wa kaunti, mtu wa maneno machache, na alitufanya turudie tendo hilo kwa silaha tupu hadi vidole vikachoka, huku akikataa katakata kuzungumzia habari za kasi.

Kuhusu kuitega, msimamo wangu ni kwamba jambo hilo ni la uwanjani, siku ya kulenga karatasi kwa utulivu. Mvuto wa kawaida wa kifyatulio chake unahitaji nguvu ya kilo tano na zaidi, nao ni mrefu. Ukiitega, nguvu inayohitajika hushuka hadi kilo moja na nusu hivi. Mtu mwenye hofu, moyo ukimdunda na damu ikiikimbia mikono yake, hana haki ya kuamini kwamba kidole chake kitautofautisha mvuto wa kilo moja na nusu na mguso wa bahati mbaya. Isitoshe, kuishusha nyundo iliyokwisha kutegwa bila kufyatua kunataka kukamata kile kichwa kidogo, kilichozama ufani, kwa gumba lenye jasho, huku kidole kingine kikivuta kifyatulio kwenye silaha iliyojaa risasi. Nimeona mtu akilifanya hilo uwanjani mikono ikimtetemeka, na sote tuliokuwa kwenye mstari tulirudi nyuma.

Mkoba wa mfukoni si pambo. Ni lazima ukifunike kifyatulio chote, na ni lazima ubaki mfukoni silaha inapotoka. Mingi ya mikoba hiyo huwa na kitambaa cha kukwaruza au ncha inayoshika mfuko ili usifuatane na bastola. Ndani ya mfuko huo hakuna kingine kinachoruhusiwa kuingia: si funguo, si sarafu, si kalamu. Hata mpini una maana yake, kwani mpini wa mpira laini unaopunguza maumivu ya mkono hung'ang'ania bitana ya mfuko, wakati wa mbao iliyolainishwa huteleza na kutoka, kwa gharama ya kiganja. Mimi nilichagua mbao baada ya kujaribu vyote viwili, na kiganja changu kimelipa.

Hapa ndipo sifa zinapoanza kukutana na ukweli. Silaha ya gramu 400 inayovutwa kwa nguvu ya kilo tano ina maana kwamba kidole kinatumia nguvu inayozidi uzito wa silaha yenyewe zaidi ya mara kumi, na kila mtetemo wa kidole huupeleka mtutu pembeni. Alama ya kulengea ya mbele ni fupi, ya nyuma ni mfereji tu uliochongwa juu ya kiunzi. Risasi inapotoka, kiunzi chepesi hakina uzito wa kumeza msukumo, hivyo wote humalizikia mkononi. Jaribio la leseni ya Texas lina risasi 50 zinazopigwa kutoka yadi 3, 7 na 15, na mtu hufaulu kwa alama 175 kati ya 250, ambazo kwa bastola kubwa si kazi ngumu. Niliamua kulifanya kwa silaha ileile ambayo ningeibeba, nikafaulu, lakini katika yadi 15 karatasi yangu ilikuwa na matundu yaliyotawanyika kuliko ya mtu mwingine yeyote darasani, na jioni ile sikuweza kufunga vifungo vya shati bila kuuma meno.

Darasa hilo lilinifundisha pia kwamba usemi kuwa rivolva haizibi ni wa kutiwa chumvi. Fimbo ya kutolea maganda kwenye mtutu mfupi ni fupi pia, haiyasukumi maganda hadi mwisho. Ukiibonyeza taratibu, mtutu ukiwa umeinama, ganda moja litabaki nusu ndani nusu nje. Na chembe za baruti ambayo haijaungua zitadondoka chini ya kile kipande chenye umbo la nyota cha kutolea maganda, silinda ikatae kufunga au ikazane isizunguke. Dawa yake ni kuuelekeza mtutu juu, kuipiga fimbo kwa kiganja kwa nguvu mara moja, na kubeba mswaki mdogo uwanjani. Katika silaha nyepesi kupita kiasi, zile za metali ghali zaidi kuliko alumini, msukumo unaweza hata kuvuta vichwa vya risasi zilizosubiri vitokeze mbele ya maganda yake na kuizuia silinda kabisa. Ndiyo maana sikushawishika nazo, ingawa muuzaji alinisifia kwamba sitajua kuwa iko mfukoni. Silaha ambayo mtu hajui kuwa iko mfukoni ni jambo la kuogopwa, lakini hilo tuliache.

Uchaguzi wa risasi ulinifunza jambo jingine. Kampuni inasema 638 inastahimili risasi za +P, zenye msukumo mkubwa zaidi, na mila ya polisi wa Marekani inasifia mno ile ya risasi laini ya uzito wa greni 158, yaani gramu 10 hivi, ambayo iliwahi kutumiwa na FBI. Hata hivyo mtutu wa sentimita 5 hauipi risasi nafasi ya kupata mwendo wake wote, na risasi nyingi zilizotobolewa kichwa ili zifunguke zinahitaji mwendo huo. Zikiukosa, huingia kama zilivyo na mpigaji ameumia mkono bure. Mimi hutumia za greni 148 zenye kichwa bapa, ambazo asili yake ni za kutobolea karatasi kwenye mashindano. Zinasukuma kwa upole, na ninaweza kupiga ya pili bila kuutafuta mpini upya. Wapo wajuzi watakaonipinga. Hoja yangu ni kwamba risasi ninayoweza kufanyia mazoezi kila mara ndiyo nitakayoweza kuiweka mahali pake, na silaha hii, kuliko nyingine yoyote niliyopata kuitumia, humwadhibu asiyefanya mazoezi. Nyumbani, silinda ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, huvuta kifyatulio nikiitazama alama ya mbele isitikisike. Kwa kuwa mvuto ni uleule mrefu kila mara, mazoezi ya kimya hayo yamenisaidia kuliko masanduku ya risasi.

Kwa sababu hiyohiyo nachukizwa na ushauri unaotolewa katika maduka mengi kwamba rivolva hizi ndogo ni “za akina mama”. Mke wangu alipoamua kupata silaha yake, muuzaji alimpa mkononi 642 kabla hajafungua kinywa, akamwambia ni nyepesi na rahisi. Ni nyepesi kweli. Rahisi si kweli. Ukweli wake uko katika jambo moja: haihitaji kuvutwa sehemu ya juu kama bastola ya magazini, kazi inayowashinda wenye viganja dhaifu. Lakini kidole kinachoshindwa kuvuta kilo tano kitashindwa pia hapa, na mwanzilishi anayepigwa kiganja na risasi tano za kwanza huanza kufumba macho kabla ya ile ya sita. Tulikodi kadhaa uwanjani. Mke wangu alichagua rivolva ya chuma kitupu, aina ya 649, ambayo ina umbo lilelile na ufa uleule lakini ina uzito unaozidi gramu 600, akaiweka kwenye mkoba wake wa begani wenye mfuko maalumu. Ananishinda kwa shabaha hadi leo, na hanifichi.

Sasa nirudi kwenye leseni. Mimi ni mtu mweusi mwenye lafudhi, naendesha gari usiku katika jimbo la Marekani, na nina bastola mfukoni. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa na polisi, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, silaha ambayo alikuwa na kibali chake, na katika sekunde chache zilizofuata alipigwa risasi alipokuwa akisogeza mkono. Bastola yake ilikuwa mfukoni. Askari yule alishitakiwa na Juni 2017 akaachiwa huru. Kila Mwafrika anayebeba silaha mfukoni inampasa alijue tukio hilo kwa undani, kwa sababu mfuko wa suruali ndio mahali ambapo wanaume wengi huweka pochi, na mkono unaokwenda kutafuta kitambulisho hauna tofauti, machoni pa askari mwenye hofu, na mkono unaokwenda kutafuta silaha. Tangu nianze kubeba, pochi haikai kwenye mwili wangu ninapoendesha. Leseni ya udereva na ile ya silaha hukaa pamoja kwenye kishikizo cha kikinga jua, juu ya kioo cha mbele. Taa za polisi zikiwaka nyuma yangu, nazishusha kabla askari hajashuka garini mwake, nawasha taa ya ndani, mikono juu ya usukani, na nasubiri. Sheria ya Texas inamtaka mwenye leseni aliyebeba silaha aonyeshe leseni hiyo pamoja na kitambulisho askari anapokihitaji, hivyo namkabidhi zote mbili, namweleza kwa sauti ya kawaida kwamba silaha iko mfuko wa kulia na kwamba sitasogeza mkono bila yeye kuniambia. Askari mmoja aliniagiza nishuke akaichukua mwenyewe, akaifungua silinda juu ya boneti, akaniambia kwamba baba yake alikuwa na kama hiyo, akanirudishia. Mwingine hakuonyesha kujali. Sijioni salama kwa sababu ya utaratibu huo. Najiona nimepunguza sababu.

Yapo mahali ambapo haiingii kabisa. Posta ni jengo la shirikisho. Baa inayopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa pombe ya kunywewa papo hapo huwa na bango la herufi nyekundu la asilimia 51. Maduka na hospitali nyingine hubandika bango la kifungu cha 30.06, linalomkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa. Kwenye misiba yetu, ambako wanaume huketi chini kwenye mkeka kwa saa nyingi, mimi huiacha nyumbani ndani ya kasha la chuma, kwa kuwa mfuko wa mtu aliyeketi chini hulegea, hupinda na kutema kilichomo, na kwa kuwa watoto hutambaa juu ya mapaja ya kila mtu mzima. Sheria ya Texas inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe ameacha silaha yenye risasi na mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Kuiacha garini nako ni kuwapa wezi zawadi, isipokuwa kama kuna kasha lililofungwa kwa waya kwenye chuma cha kiti.

Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mitambo na ana mikono thabiti, hubeba SIG P365, bastola bapa ya mwaka 2018 yenye magazini ya risasi 10, uzito wa nusu kilo hivi, na mvuto mwepesi. Nimeipiga mara nyingi. Katika yadi 15 inanizidi mbali nikiwa na rivolva yangu, na kuijaza upya ni kazi ya sekunde mbili, wakati mimi bado natafuta matundu ya silinda kwa vidole. Kwa mtu atakayevaa mkanda imara na shati la kuifunika, ningemshauri achukue hiyo. Mimi anko wake nabaki na 638 kwa sababu ya mfuko, kukumbatiwa na lile gumba juu ya nyundo. Hata hivyo, mwaka jana nilianza kuiweka P365 ya pili, niliyoinunua kwake kupitia duka lenye leseni, kwenye mkanda wa majira ya baridi nikiwa na koti, na rivolva ikabaki ya miezi ya joto. Kila Jumamosi huitoa mfukoni, huimwaga risasi, na kwa kijiti cha mbao hutoa nyuzi za nguo na vumbi vilivyojikusanya katika ule ufa, maana vikiachwa vinaweza kuzuia nyundo isifike mwisho wa safari yake. Kisha tone moja la mafuta, kitambaa, na risasi tano zilezile zinarudi ndani baada ya kukaguliwa kama hazijapata kutu ya jasho.